Kamba Mwenye Mayai: Kwa Nini Sheria Inataka Arudishwe Majini

Msimu wa kaskazi ndio msimu wa kamba mawe. Kuanzia mwezi wa Novemba hivi hadi Machi, bahari ya nje ya mwamba hutulia, maji huangaa, na wapiga mbizi wa Kizingitini, Faza, Ndau, Kiwayu, Mkokoni na Kiunga hutoka mapema kutafuta mapango ya kamba. Kusi likianza kuvuma sawasawa, wengi wao hukwama ufuoni. Kwa hivyo kinachopatikana katika miezi hii michache ndicho kinacholipa karo, kinachokarabati dau na kufuta deni la duka.

Ndiyo maana hakuna kanuni ya uvuvi inayolalamikiwa kama hii: kamba mwenye mayai asivuliwe, na akinaswa arudishwe akiwa hai, na kamba mdogo ambaye hajafikia kipimo, vivyo hivyo. Mtu amezama, pumzi imemwishia, amemtoa pangoni kamba wa kilo nzima, kisha anaambiwa amwachilie. Wavuvi wetu wanaijua kanuni hii vizuri sana. Lakini mara nyingi imewafikia bila maelezo yake, na amri isiyo na maelezo huonekana kama uonevu. Maelezo yenyewe ni haya.

Kamba wetu ni yupi

Katika maji ya Kenya kuna jinsi kadhaa za kamba mawe. Anayejulikana zaidi katika soko la Lamu ni yule mkubwa mwenye mabaka na rangi nyingi, ambaye wanasayansi humwita Panulirus ornatus. Yeye na ndugu zake hawana magando makubwa kama kamba wa Marekani na Ulaya anayeonekana kwenye picha za hoteli. Silaha yao ni miiba ya mgongoni, papasi mbili ndefu, na mkia wenye nguvu unaowarusha kinyumenyume.

Tena wana sauti. Kila mpiga mbizi ameusikia ule mkwaruzo kamba anaposhikwa. Mwaka 2001 mtafiti wa Marekani, Sheila Patek, alieleza katika jarida la Nature jinsi unavyotokea: kwenye shina la kila papasi kuna nyama laini inayosuguliwa juu ya sehemu iliyo chini ya jicho, ikikwama na kuteleza, kukwama na kuteleza, kama upinde juu ya waya wa fidla. Kwa kuwa sauti haitegemei ugumu wa gamba, kamba anaweza kupiga kelele hata akiwa ndiyo kwanza amejivua gamba na mwili wote ni mlaini. Ni wakati huo hasa anapohitaji kumtisha adui.

Kujivua gamba ndiyo njia yake ya pekee ya kukua. Gamba halinyooki. Anapobanwa huliacha, huvimba kwa maji, na gamba jipya hugumu juu ya mwili mkubwa zaidi. Kamba mdogo hujivua mara nyingi kwa mwaka, mkubwa mara chache. Aliyejivua karibuni ana maji mengi na nyama kidogo, na wanunuzi humkataa au humpunja, jambo ambalo mvuvi yeyote anaweza kulisimulia kwa uchungu kuliko mtafiti.

Mayai yanabebwa vipi

Dume hubandika mbegu zake kifuani mwa jike, na hugeuka kuwa doa jeusi kama lami. Jike akiwa tayari kutaga, hulikwaruza doa hilo kwa kijigando kidogo kilicho kwenye ncha ya mguu wake wa mwisho, na mayai hupita hapo na kurutubishwa. Kisha hushikamana na nywele za vile vipezi vilivyo chini ya mkia. Hapo ndipo tunapoyaona, kama kishada cha shanga ndogo za rangi ya chungwa.

Idadi yake si ya kuhesabu kwa vidole. Jike mmoja hubeba mamia ya maelfu ya mayai kwa mkupuo mmoja, na kadiri anavyokuwa mkubwa ndivyo anavyobeba mengi zaidi. Yule jike wa kilo nzima, ambaye kumwachilia kunauma kuliko wote, ndiye mwenye mzigo mkubwa kuliko wote. Siku zinavyokwenda, rangi ya chungwa hugeuka kahawia, na ukitazama kwa karibu utaona vidoa vyeusi. Hayo ni macho ya viluwiluwi. Wamebakiza siku chache tu waanguliwe. Katika maji ya joto kama yetu, shughuli yote kuanzia kutaga hadi kuanguliwa huchukua wiki kadhaa. Kwa maneno mengine, mvuvi anayemrudisha jike mwenye mayai haagizwi amsahau milele. Mayai yakishaanguka, jike huyo ni halali yake, mradi amefikia kipimo.

Wako wanaokwangua mayai kwa brashi au kwa mchanga kabla ya kufika kwa mnunuzi. Hili lafaa lisemwe wazi: hasara yake ni mbili. Mayai yamepotea, na mara nyingi ushahidi unabaki. Jike hutambulika hata bila mayai, kwa kile kijigando cha mguu wa mwisho ambacho dume hana, na kwa vipezi vya chini ya mkia vilivyo vipana na maradufu. Aliyekwanguliwa hubaki na nywele zilizokatika na mabaki ya mayai yaliyonata. Afisa wa uvuvi anayejua kazi yake hahitaji darubini.

Safari ya miezi

Yai likianguliwa, kinachotoka hakifanani na kamba hata kidogo. Ni kiluwiluwi bapa kama jani jembamba la kioo, chenye miguu mirefu kama ya buibui, urefu wake kama milimita moja na nusu. Hakiwezi kushindana na mkondo. Huchukuliwa hadi bahari kuu, mbali sana na mwamba aliozaliwa, na huko huishi kwa miezi kadhaa kikijivua mara kwa mara na kula vijidudu vinavyoelea. Mwishoni hugeuka kuwa kamba mdogo asiye na rangi, anayeonekana kama ametengenezwa kwa kioo. Huyu hali chakula. Huogelea kuelekea pwani kwa nguvu ya mafuta aliyojiwekea mwilini, na akifika hujificha katika mwani, nyasi za bahari na vitundu vya mawe. Katika kila maelfu ya walioanguliwa, wanaofika ni wachache mno, kwa sababu njia nzima imejaa vinywa.

Sasa tazama mikondo yetu. Mkondo wa pwani ya Afrika Mashariki hutiririka kuelekea kaskazini, kutoka upande wa Tanzania hadi kwetu. Wakati wa kusi huendelea moja kwa moja hadi Somalia. Wakati wa kaskazi mkondo wa Somalia hugeuka na kushuka kusini, na miwili hiyo hukutana katika maji ya kaskazini mwa Kenya na kupinda kuelekea mashariki, bahari kuu. Kwa hivyo kamba aliyekulia kwenye mwamba wa Kiwayu huenda mama yake yuko Kwale, au Pemba. Na mayai ya Kiwayu huenda yakaanguka, yakazunguka miezi, kisha yakatua pengine kabisa.

Hapa mvuvi mjanja atauliza: kama watoto wenyewe wanakwenda Somalia, mimi nihangaike kwa nini? Swali ni la haki. Jibu ni kwamba mvuvi wa Kwale naye anaweza kusema vivyo hivyo kuhusu Lamu, na wa Pemba kuhusu Kwale. Kila pwani inaishi kwa mayai ya pwani nyingine. Hakuna mwamba unaojitegemea.

Hesabu ya kamba mdogo

Tuache mayai tuje kwenye uzito. Hesabu ifuatayo ni ya mfano tu, kwa sababu bei hupanda na kushuka. Tuseme mnunuzi analipa shilingi 1,500 kwa kilo. Kamba wawili wa gramu 200 kila mmoja watakupa shilingi 600 leo. Waache wote wawili. Tuseme mmoja ataliwa na tewa, na wa pili atakua hadi kilo moja. Umepata shilingi 1,500, yaani zaidi ya mara mbili, ingawa nusu ya mali yako imeliwa. Na hapo hatujahesabu kwamba mkubwa aliye hai mara nyingi hupewa bei bora kwa kila kilo, wala kwamba kabla ya kuvuliwa huenda atakuwa ameshazaa.

Itachukua muda gani? Mfano ulio karibu zaidi na kamba wetu unatoka Vietnam, ambako jinsi hiyo hiyo ya Panulirus ornatus hufugwa kwenye vizimba baharini. Wafugaji wa huko huwanasa wale wadogo wa kioo wanapofika pwani, na huwafikisha kilo moja kwa muda wa miezi 18 hadi 20 hivi. Vizimbani wanalishwa kila siku na hawaliwi na mtu, kwa hivyo mwambani mwendo hauwezi kuwa ule ule. Lakini inatosha kuonyesha kwamba tunazungumzia msimu mmoja au miwili, si maisha ya mtu mzima.

Kwa kuwa Vietnam imetajwa, vijana wengi huuliza kwa nini nasi tusifuge. Ufugaji wa huko ulijengwa juu ya mbegu inayonaswa baharini, kwa sababu kumlea kiluwiluwi kwenye matangi kwa miezi yote ile ni kazi ngumu mno. Watafiti wa Japani walifanikiwa kwa jinsi yao ya kamba katika miaka ya 1980 baada ya majaribio ya muda mrefu, na Australia imewekeza sana katika jinsi hii yetu. Kwa ufupi, hata mfugaji wa kamba humtegemea jike mwenye mayai aliyeachwa baharini.

Pweza, mkuki na chupa ya hewa

Njia ya zamani ya kuvua kamba katika visiwa vyetu ni ya kustaajabisha kwa akili yake. Mvuvi hufunga pweza kwenye kijiti na kumwingiza pangoni. Pweza ni adui wa kamba, na kamba akimwona hutoka kinyumenyume kwa kishindo, moja kwa moja hadi kwenye wavu mdogo wenye mpini. Anatoka mzima, miguu yote na papasi zote. Mvuvi anaweza kumgeuza, akatazama chini ya mkia, akapima, akaamua.

Mkuki haumpi mtu nafasi hiyo. Kamba aliyechomwa hawezi kuuzwa akiwa hai, na bei ya kamba aliyekufa unaijua. Akiwa na mayai, hata ukitaka kutii sheria huwezi tena. Bunduki ya mkuki ilipigwa marufuku nchini mwaka 2001, pamoja na nyavu za kukokota ufuoni na nyavu za uzi mmoja wa plastiki. Kwa maoni ya mwandishi huyu, kati ya marufuku yote ya uvuvi, hii ya bunduki ndiyo iliyo rahisi kuitetea mbele ya mvuvi wa kamba, kwa sababu inamlinda mfukoni.

Chupa ya hewa ni habari nyingine. Kamba wa maji madogo wakipungua, kishawishi huwa ni kushuka chini zaidi na kukaa zaidi. Watu wa jamii ya Miskito, pwani ya Honduras na Nicaragua, walifuata njia hiyo. Vijana wao waliajiriwa kuzama kwa chupa za hewa kutafuta kamba, mbizi moja baada ya nyingine bila mapumziko wala mafunzo. Mtu akipanda haraka kutoka kina kirefu, hewa iliyoyeyuka kwenye damu hugeuka mapovu, na mapovu hayo huziba mishipa na kuharibu uti wa mgongo. Wengi walipooza, wengine wakafa. Familia zao zilihangaika kwa miaka hadi mwaka 2021, Mahakama ya Haki za Binadamu ya mataifa ya Amerika ilipotoa uamuzi katika kesi yao, na serikali ya Honduras ikakubali wajibu wake. Mzazi ambaye mwanawe ameahidiwa mtungi na mtu wa kumlipa, ajue habari hii kabla ya kutoa baraka zake.

"Nikimwacha mimi, atachukuliwa na mwingine"

Maneno haya ndiyo yanayoshinda maelezo yote ya hapo juu. Na hayana uongo ndani yake. Mvuvi mmoja mwaminifu kati ya kumi wasiojali ni mvuvi maskini.

Wenzetu kwingine wamelijibu kwa njia zao. Katika jimbo la Maine, Marekani, mvuvi akimpata jike mwenye mayai humkata alama ya pembe kwenye ukingo wa mkia kabla ya kumrudisha. Kuanzia hapo jike huyo hawezi kuuzwa na yeyote, hata akivuliwa bila mayai, maadamu alama inaonekana. Kamba wa kule ni jinsi nyingine, yule wa magando, lakini somo linaeleweka: wa kwanza kumwachilia ameshamfungia mlango wa pili. Katika ghuba ya Ascensión nchini Mexico, wanachama wa ushirika wa kijiji cha Punta Allen wamegawana sakafu ya bahari kama mashamba. Kila mmoja huweka kwenye eneo lake vibanda vya zege ambamo kamba hujificha. Mdogo huachwa palepale, kwa sababu mwenye shamba anajua ni yeye atakayerudi kumchukua.

Wazo la vibanda si geni Kenya. Mwaka 1995 watafiti Okechi na Polovina walichapisha hesabu zao za faida na gharama za vibanda vya aina hiyo kwa wavuvi wadogo wa ghuba ya Gazi, Kwale.

Kwetu, chombo kilichopo ni BMU, Kitengo cha Usimamizi wa Ufuo. Kanuni za BMU za mwaka 2007 zinawapa wanachama uwezo wa kutunga sheria ndogo zao: kufunga eneo kwa muda, kukubaliana juu ya zana, kutoza faini. Chini ya Katiba ya 2010 uvuvi ni miongoni mwa kazi zilizogatuliwa kwa kaunti, kwa hivyo BMU inayotaka kufanya hivyo ina mlango wa kubisha hapa hapa Lamu, bila kusubiri Nairobi.

Na BMU isimtazame mpiga mbizi peke yake. Wapiga mbizi ni wengi na wametawanyika kwenye miamba kuanzia Pate hadi mpakani. Wanunuzi wa kamba ni wachache, na kila kamba lazima apite mizanini kwao. Mara nyingi ndio wanaokopesha mafuta, barafu, hata boti, na mvuvi mwenye deni hana ubavu wa kuchagua. Mnunuzi akikataa kamba wadogo na wenye mayai, hakuna atakayepoteza pumzi kuwatoa. Akiwapokea kwa bei ya chini, ametunga sheria yake mwenyewe juu ya ile ya nchi.

Ukimpata, umrudisheje

Mshike mgongoni, si kwa papasi, maana papasi hukatika. Usimwache juani kwenye sakafu ya boti. Mfunike kwa gunia lililolowa. Usimtupe kutoka juu. Kamba anayeshuka taratibu katikati ya maji mchana kweupe ni chakula cha samaki wakubwa kabla hajagusa mwamba. Zama naye, mwachie mdomoni mwa pango.

Halafu kuna daftari. Takwimu ambazo Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi, KMFRI, huzitumia kukadiria hali ya kamba huanzia kwa karani wa BMU anayesimama ufuoni na mizani. Wako wavuvi wanaodhani kwamba kila swali la karani linaelekea kwenye ushuru, basi wanataja nusu ya walichopata, au wanataja mwamba ambao hawakufika. Karani anahitaji kujua uzito, jike au dume, na eneo kwa jumla. Pango lako la siri libaki lako. Kamba wakionekana wachache kwenye daftari kuliko walivyo baharini, mtu wa mbali anaweza kushauri msimu ufungwe bila sababu.

Kipimo cha chini kinachokubaliwa na sheria, pamoja na sheria ndogo za eneo lako, vinapatikana kwa mwenyekiti wa BMU au kwa afisa wa uvuvi wa wadi. Wavuvi wanaofanya kazi ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kiunga, iliyotangazwa mwaka 1979, waulize pia masharti ya hifadhi kabla ya kaskazi kuanza.